Timazi

Niliikuta kwa Wanda Kuchma, Hamilton,
mtaa wa nyuma, upande wa wayeyusha chuma:
meza fupi, kioo juu, chini yake bustani ya balbu zilizokufa
na gololi imekwama kooni kama mfupa.

"Ostap alidanganywa," akasema. "Sabini na tisa,
mchuuzi wa suti alimwambia: weka kumi za hizi kwenye mabaa,
ule faida umelala." Akanunua moja.
Haikuingia baa hata siku moja.
Ikawa meza ya chai. Tazama pete za vikombe.

Dola mia na arobaini, kuibeba juu yangu.
Rahisi huvunja upishi. Na kiuno.

Nikaifumua gerejini, Februari, pumzi ikinitoka moshi.
Betri ilishatapika zamani, kijani kibichi,
ikazila njia za shaba kwenye bodi.
Siki na mswaki; kisha lehemu,
waya mwembamba kama unywele juu ya kila pengo.
Mipira ilikatika nilipoigusa, kama biskuti.
Na fyuzi? Mtu aliivisha karatasi ya fedha ya sigara.
Nyumba nzima ingeungua!
Nikamtukana marehemu kwa sauti.

Halafu nikaiona timazi,
ile inayoning'inia gizani, ndani kabisa,
kazi yake kuisaliti mikono:
ukitikisa meza inagusa pete,
taa zinazimika, zamu yako imekwisha.
Ilikuwa imefungwa plasta. Ya kidonda. Mizunguko mitatu.
Na ubaoni, kwa penseli: W, W, O, W, W,
tarehe, pointi, miaka kumi na moja.

Nikampigia simu. Kimya kirefu.
"Mimi nikicheka," akasema, "huegemea viwiko.
Meza nzima ilikuwa inayumba.
Nilidhani ndivyo ilivyoundwa."

Jana mnunuzi wa Guelph ameikagua kwa tochi.
Mia tisa, akasema, inawaka vizuri.
Ila toa plasta, futa hiyo penseli,
irudi kama ilivyotoka kiwandani:
elfu moja na mia mbili, taslimu.

Nimemwambia nitampigia.

Gololi inapita chini ya kikombe changu,
inagonga kengele, inarudi.
Nimeegemea kwa viwiko vyote viwili.
Haizimiki.