Ukurasa wa Mia Tano na Kumi na Mbili

Kwanza niseme: sikutaka kulia mbele za watu.
Nina miaka arubaini na saba, ni mhasibu,
na kitabu nimekifunika kwa gazeti
wasimwone mwanamume aliyefungua vifungo
na joka la kijani linalompumulia kisogoni.

Jumatatu, Bausher, chumba cha mashine.
Damu ya mama yangu inatoka, inazunguka,
inaoshwa, inarudi. Saa nne kila safari.
Nje digrii arubaini na sita;
ndani mama kajifunika blanketi mbili,
anauliza: "Wamefika wapi hao wako?"

Maana miye humhadithia. Nageuza papo hapo,
Kiingereza cha mwandishi kwa Kiunguja chetu,
natia chumvi, naruka mambo ya vitandani.
"Mbona umeruka?" husema. "Mimi nimezaa saba."

Basi anamjua Dessa, mpanda majoka mwenye mguu mbovu.
Anamjua Korvan: "Huyo kiburi chake kitainama."
Kikainama, ukurasa wa mia tatu.
Akamwambia Dessa: Ukianguka, nitakutangulia chini.
Niliusoma mstari ule mara nne,
garini, kwenye taa nyekundu ya Al Khuwair,
hadi wa nyuma wakanipigia honi.
Hakuna aliyewahi kunitangulia chini.
Nasor alinitangulia mahakamani tu.

Lakini simlilii Korvan.
Nalililia joka, Thuvara,
lililojua neno moja la watu, *Panda*,
na kwa neno hilo likamlea yule mtoto wa watu
mawinguni, vitani, kwenye theluji
ambayo mimi na mama tunaijua ya friji.
Leo likashuka na bawa lililojaa mishale,
likamtua Dessa mchangani taratibu, kama yai,
likasema neno la pili. *Shuka.*

Basi. Nafasi nyeupe, sura mpya,
watu wanakula karamu!
Ewe mwandishi, popote ulipo, nakudai.
Huuwi kiumbe namna ile
ukaleta sinia la nyama.

Sista Jisha akaja mbio.
Akatazama mashine, presha, uso wa mama,
ndipo akanitazama mimi. "Nani?"
"Joka," nikasema, nikakwama hapo.
Akainua ncha ya gazeti, akaona jalada,
akalishusha polepole kama shuka la mgonjwa.
"Mimi wiki nzima," akanong'ona,
akaniachia boksi zima la karatasi laini.

Mama kafumba macho. Nilidhani kalala.
Mshipa wa mkono wake, ule waliouunganisha,
unavuma ukiugusa, kama nyuki ndani ya kopo.
Dirishani milima, myeusi, mikavu,
mgongo kwa mgongo, hakuna hata mti wa kuisitiri.
Kisha sauti, macho yamefumbwa bado:

*Joka limekufa moto, limemwachia majivu,*
*Lilovuka kila mto, sasa mbawa zi makovu,*
*Msichana si mtoto, bado mwili una nguvu,*
*Mgongo una mwishowe, mpandaji ana mbavu.*

"Nani katunga?" nikauliza.
"Nani mwingine yumo humu?"
Kisha akaomba tende. Nikamwambia daktari kakataza.
"Joka lilikatazwa nini? Likafa vilevile."
Nikampa nusu. Mungu anisamehe, na Sista Jisha.

Saa kumi, maegeshoni. Lami inanata viatu.
Gari langu refu, mama kazidi kuwa mfupi,
na kile kigoda nimekisahau nyumbani.
Nikakunja abaya, nikapiga goti kwenye lami,
nikampa bega.
"Panda," nikamwambia.

Akapanda. Akavuta pumzi, akavuta mkanda.
"Kuna kitabu cha pili?"
"Kipo. Riali sita."
"Kakinunue. Nataka kujua habari za ule mguu."