Urefu wa Mashati Manne

Desemba, Makoroboi, hakuna fundi anayelala.
Sare za shule zimetufika shingoni: bluu ya kukoza, kaki,
zambarau ya wale wa masista.
Redio yangu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye mguu wa cherehani, flashi ubavuni kama kupe.

Sheria yangu ni moja: albamu husikilizwa nzima,
tangu sindano inaposhuka, bila kurukaruka.
Dakika sipimi. Napima kwa kazi.
Kuna albamu ya sketi mbili za marinda,
kuna ya kaptura moja, tena bila zipu,
na mwaka huu ipo moja ya mashati manne
ambayo kila nikiipiga natoa matatu.

Naandika orodha nyuma ya karatasi ya kukatia,
kwa chaki, kwa hiyo inafutika. Afadhali.

“Chumvi ya Ukerewe”, ya Bahitwa na dada zake.
Gita lisilo na haraka, kama mtu anayechambua mchele
huku akikusikiliza shida zako.
Niliipata Machi. Wimbo wa sita umeme ukakatika,
Bugando giza, Kirumba giza,
nikamalizia pindo kwa miguu na kimya.
Siku tatu sikujua kama yule mwanamke wa kwenye wimbo
alishuka kwenye kivuko au alirudi nacho.
Alirudi nacho. Heri nisingejua.

“Namba Yako Bado”, ya Nkwimba wa Igoma,
miaka kumi na tisa, mdomo kama wembe wa leo.
Akina mama wanaoleta vitambaa huniambia punguza,
halafu husimama papo hapo, mkoba begani,
mpaka ubeti wa pili uishe.
Kwenye wimbo wa nne anakohoa. Hawakukata.
Nakisubiri kile kikohozi
kama wengine wanavyosubiri kiitikio.

Shija wa meza ya jirani anasema ile si albamu,
nyimbo sita ni fungu la dagaa.
Orodha yake yeye ni Kinshasa tupu,
wote wazee, wengi marehemu.
Mwaka huu, Shija, nasema mwaka huu!
Ananitazama, anarudi kwenye zipu yake.

Sasa hii niliyokuwa naikwepa.
“Tumevuka”, ya kwaya moja ya Kitangiri, mlimani.
Mimi si mtu wa kanisa. Nimejenga juu ya mawe,
asubuhi nayakuta palepale, inanitosha.
Tena sauti ya besi ni ya Mafuru,
Mafuru aliyebeba mita arobaini za tetroni yangu
kwa neno la mdomo, mwaka juzi,
na tangu hapo akiniona anavuka barabara.

Niliiweka ili nimchukie kwa utulivu.
Wimbo wa kwanza nilimchukia vizuri.
Wa pili sindano ikanichoma kidole.
Wa tatu wanawake wananyamaza,
anabaki peke yake, chini kabisa,
kama lile jiwe lililobeba mengine
bila kuombwa, bila asante,
nikashtuka mguu umesimama,
gurudumu limesimama,
uzi unaning'inia.

Niliiandika ya tano. Nikafuta. Ya tatu.
Nikafuta kwa kiwiko.

Tarehe thelathini akaja mwenyewe, kofia mkononi,
na bahasha: nusu ya deni,
na kwaya inataka majoho mapya ya Pasaka.
Sikuhesabu. Habari za albamu sikumwambia,
hata redio niliizima nilipomwona anakata kona,
ningeanzia wapi.
Nikamzungushia utepe kifuani.
Vuta pumzi, nikamwambia.
Akavuta.
Inchi arobaini na tatu.
Nikaiandika namba hiyo juu kabisa ya orodha.