Tundu katika Ukurasa wa Januari

Saa tano na robo usiku, ingawa hapa usiku
ulianza Novemba na bado haujakwisha,
navaa buti za mjomba Qivioq, zinanizidi vidole viwili,
nakwenda kwenye kisanduku cheupe chenye miguu minne
kusoma joto.
Hatua sitini na mbili. Yeye alihesabu sabini;
goti lake la kushoto lilikuwa na madai yake.

Kisha puto. Nalishika shingo kama bata mkaidi,
naliachia. Linapanda na kitaa chake
juu ya vibanda vya mbwa, juu ya paa la Tobiasine,
linamezwa. Nakaa mezani kulisikiliza
likinong'ona kutoka huko: baridi, baridi,
baridi kidogo.

Mashine yaweza haya yote. Wakubwa wameniandikia barua.
Ila mashine haina ile safu ya mwisho kulia,
nyembamba, iliyoandikwa *Maelezo*,
ambamo mjomba, mtu aliyekula bila kusema neno,
alisema kwa miaka thelathini na mmoja:

*Barafu ya ghuba inanguruma.*
*Mbwa wamelala, pua kusini.*
*Nimeipiga mtaimbo mara tatu, haikutoboka.*
*Mara tatu, imetoboka.*
*Mara moja.*

Kuna ukurasa mmoja naurudia.
Januari, tarehe kumi na tisa, nikiwa darasa la pili.
Aliandika: nyuzi mbili juu ya sifuri.
Akafuta.
Akatoka tena. Naukumbuka mlango, naukumbuka
upepo ulioingia, mvivu, wenye harufu ya matope
katikati ya mwezi usiojua matope.
Alipangusa kioo, akamulika tochi,
akageuza uso pembeni kuvuta pumzi
asije akakipasha kipimajoto kwa uhai wake.
Akarudi. Akaandika: mbili juu ya sifuri.
Akafuta.
"Hebu nenda wewe," alimwambia mama,
"macho yangu yamezeeka."
Mama akaenda, mikono yote unga.
Akarudi, akaonyesha vidole viwili vyeupe.
Mara ya tatu karatasi ilichoka, ikatoboka.

Na kwenye *Maelezo*: *Mvua.*
Basi. Hata nukta aliikandamiza.

Sisi watoto tulifurahi. Tulisimama nje midomo wazi
kama makinda. Usiku ule ule baridi ikarejea,
ikaifunga mvua juu ya theluji, kifuniko cha kioo
kutoka mlima hadi mlima,
na mwezi Machi wawindaji wakawakuta ng'ombe-miski,
wale wenye manyoya ya kuburura chini,
wamelala kwa safu, kwato zimechanika kwa kukwangua,
majani yakionekana, mabichi,
upana wa kiganja chini ya midomo yao.

Wahenga wa kwingine husema dalili ya mvua ni mawingu.
Hapa mvua yenyewe ndiyo wingu
la kitu ambacho hakijanyesha bado.

Kila kiangazi wageni hushuka na vyombo vyao,
wapole, wamechomwa pua na jua,
wakiuliza: mliona lini kwa mara ya kwanza?
Kana kwamba kengele ililia.
Mimi huwapa chai. Huwapa tarakimu, zote, kwa mpangilio.
Tundu siwaonyeshi.
Ningewaambiaje kwamba ilianza hivi:
mtu mwaminifu alijishuku mwenyewe mara tatu
kabla ya kuthubutu kuishuku mbingu?

Nikiuinua ukurasa kwenye taa,
mwanga hupenya pale, mdogo kama dengu,
ukaangukia Februari.

Usiku huu: nyuzi moja nukta nne, juu.
Nimenunua kalamu ya wino.
Sikurudi nje kuhakikisha; nilitaka kurudi, buti nilishavaa.
*Maelezo: mbwa wa Tobiasine wamesimama wote.*
*Wanasikiliza paa.*