Sahani ya Kumi na Moja

Unga wa nikeli ni kijani,
kijani cha jani changa la mzabibu kule Makutupora
kabla vumbi la Agosti halijalikalia.
Nyemo anaupima, dirisha limezibwa kwa tambara,
maana upepo wa kilima hiki cha Chimwaga
hauna adabu kwa vitu vilivyopimwa.

Peke yake unga huu ni mkaidi.
Unaupa umeme, unashika nusu,
nusu ya pili unaitapika mapovu.
Punje na punje zimekaa bega kwa bega
wala hazisemezani.

Ndipo kobalti.
Rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto.
Asilimia tano, basi.
Bibi yangu wa Mvumi aliijua hesabu hii bila mizani:
mlenda usio na magadi hauvutiki,
yakizidi, watoto wanakikimbia chungu.
Kobalti inatandika njia kati ya punje na punje,
umeme unapita
bila kupiga hodi mara mbili.

Zinki kazi yake ni mkanda wa kiunoni.
Sahani iliyochajiwa kupita kiasi hufura
kama donge la maandazi lililosahauliwa usiku,
na zinki huiambia: hapo panatosha.
Kalsiamu tumeiweka kwa ajili ya Oktoba,
saa nane mchana, bati la zahanati likialika,
oksijeni ikitaka kutoroka
kabla betri haijashiba.

Jumanne, sahani ya kumi na moja ilitusaliti.
Mapovu mapema mno, chaji haipandi.
Nyemo akabadilisha potasi.
Akabadilisha maji.
Akaipima upya kobalti, midomo ikihesabu.
Nami, Malugu, fundi wa maabara miaka kumi na tisa,
nilisimama pale
na kijiko mfukoni mwa koti.

Kijiko cha chuma, shingoni kina kutu.
Nilikorogea hicho, cha plastiki kilipovunjika,
nikasema moyoni, ni mara moja tu.

Chuma nacho ni kiungo.
Hakuna aliyekialika.
Kiasi kisichofika hata ncha ya ukucha
kikaifungulia oksijeni mlango wa nyuma.

Nilikitoa, nikakiweka mezani.
Kililia kidogo kwenye vigae.
Nyemo hakufoka. Alikigeuza, akakinusa hata,
akaandika daftarini: *Na. 11. Chuma. Kijiko cha Malugu.*
Kisha chini yake: *Isitupwe. Tuipime hadi mwisho.*
Jina langu limo humo, kwenye safu ya viambato.

Leo ya kumi na mbili iko kwenye waya.
Kijani kinageuka cheusi kuanzia kingoni,
taratibu, kama chai inayokolea,
na mapovu hayajaonekana.
Ni mzunguko wa tatu. Tunataka mia tano
kabla ya kuithubutisha kwenye friji ya chanjo kule Chipogolo,
ambako kina mama hawaulizi habari za kobalti,
wanauliza kama dawa ina baridi.

Upepo unasukuma mlango.
Nanawa mikono mara ya pili,
halafu ya tatu.