Rudisha Ile

Mia tatu na kumi na mbili. Nyingi zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nyingine ndani ya kiatu cha mgodini, cha mguu wa kushoto.
Baba mdogo Kapya alizipa namba kwa penseli,
akaruka kumi na tatu, akaruka na arobaini, sijui kwa nini.

Skana nimeazima kwa masista wa Katuba, wanaitaka Jumatatu.
Umeme wa Kamalondo unaingia saa nne usiku
kama mgeni asiyepiga hodi,
basi na mimi nafanya kazi saa za wezi.

Napuliza. Napanga nne nne.
Taa inatambaa chini ya kioo
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni,
na Lubumbashi ya sabini na tatu inashuka mstari kwa mstari:
kwanza anga, kisha bomba la moshi,
kisha ule mlima mweusi wa masazo ya shaba,
na mwisho kabisa, watu.

Kompyuta inauliza: niondoe vumbi?
Vumbi gani? Hili jekundu ni la barabara ya Kasenga,
lilikuwemo kabla ya picha.
Nabonyeza hapana.

Lakini sikutegemea hili:
zilizo safi ni zile ambazo hakuna aliyezitaka.
Gari la injinia, limeegeshwa.
Gari lilelile, limeegeshwa tena.
Mbuzi wawili mbele ya posta.
Rangi zao kali, utadhani za jana,
maana usiku wa shuka ziliwekwa na kutolewa,
watu wakipiga miayo: pita, pita.

Shuka tuliitundika ukuta wa uani,
pindo tukililowesha ili upepo usilibebe.
Majirani walikuja na vigoda vyao, na munkoyo kwenye ndoo.
Mama alisonga bukari wakati wa magari
na kuuacha mwiko usimame peke yake
ilipofika themanini na nane.

Themanini na nane alikuwa Mujinga, mke wa Kapya,
mlangoni, siku ya kuhamia nyumba ya kampuni,
kitenge kipya, mkono mmoja juu ya kizingiti
kama anayepima iwapo nyumba itamtosha.
Filamu ilikaa Ulaya miezi mitatu kusafishwa.
Iliporudi, tulikuwa tumeshaanua matanga.
Kapya hakuoa tena. Alinunua taa ya akiba.

“Rudisha ile,” watu walimwambia.
Akarudisha.
“Rudisha ile, Kapya, tumuone vizuri.”
Akarudisha.
Kila Jumamosi taa ilimlamba kidogo,
ikachukua wekundu wa kitenge, ikachukua mlango,
hadi usiku mmoja umeme ukapanda ghafla
na hakuna aliyesema pita.
Kiputo kikachemka shavuni pake, kikafunguka.
Harufu ya plastiki. Shuka nyeupe tupu.
Hata sisi watoto hatukucheka.
Mtu mmoja tu, gizani, kwa mazoea, akasema taratibu:
rudisha ile.

Sasa iko chini ya kioo.
Mashine haijui kutofautisha jua na tundu:
mahali pa uso imeandika nyeupe, nyeupe kuliko zote,
na juu yake mkono kwenye kizingiti,
vidole vitano, hata pete inaonekana.
Kuna kitufe cha kuziba. Kinakopa rangi za jirani;
kingemfinyangia uso kwa ukuta na kitenge.
Nilikisogelea. Nikakiacha.

Alfajiri, kabla umeme haujaondoka, nimezituma zote kwa ndugu.
Kutoka Kolwezi, Ngoie amejibu kwanza.
Hakuuliza magari, wala mbuzi.
Nikamtumia tena ile moja, peke yake.
Hii haiungui, nikamwandikia, itazame utakavyo.

Kisha nikakaa gizani, simu ina asilimia nne,
nami naifungua, naifunga,
naifungua,
kidogo kidogo, kwa woga wa zamani.