Jiwe la Kilo Ishirini

Mutukula. Mizani yetu ilisema tisini na moja.
Yao, hatua mia mbili kusini,
ilisema themanini na nane.
Gunia lile lile, mshono ule ule wa uzi wa buluu,
bega lile lile la kijana Kiberu lililolibeba.
Kilo tatu za maharage ya manjano
zilipotea kati ya nchi mbili
bila tundu, bila panya, bila shahidi.

Namuyanja ndiye aliyezilipa.
Jumanne na Ijumaa, miaka tisa,
alitozwa hapa kwa uzito wetu
akalipwa kule kwa uzito wao.
Fundo la leso yake lilikuwa na shilingi na shilingi,
yetu na yao,
kama wajukuu waliorithi jina la babu mmoja
na hawasalimiani.
"Mpaka nao hula," alikuwa akisema,
"tena hauna meno."

Washairi huhesabu mizani kwa silabi.
Mimi ni fundi; nahesabu kwa chuma.
Nilitoka Masaka na barua yenye mihuri miwili
na jiwe la kilo ishirini
ndani ya sanduku lililotandikwa kitambaa,
kama mtoto wa kwanza.

Getini wakaniuliza:
Nini hicho?
Jiwe la mizani.
La kuuza?
La kupimia.
Thamani yake?
Hapo nikanyamaza. Fomu ina kisanduku cha thamani,
nacho hakitaki hadithi.
Litarudi?
Litarudi saa kumi.
Na likirudi pungufu?
Tukacheka, yeye kwanza,
kisha akaandika: *jiwe, moja, linarudi*.

Upande wa pili alinipokea Ishengoma,
bisibisi sikioni kama kalamu.
Tulisemezana Kiswahili, changu cha kuokoteza,
chake cha kunyoosha.
Mama yangu hakukipenda Kiswahili.
Kwetu kiliingia na buti,
kikauliza wanaume wako wapi.
Hata leo redio ikisema "simama"
yeye hushika komeo la mlango.
Na mimi, mwanawe, niko nacho hapa
nauliza kama kuna grisi.

Tuliliweka jiwe juu ya mizani yao:
kumi na tisa na nusu.
Ishengoma alikohoa.
Tukavuka nalo, yeye akishika pembe moja ya sanduku,
mimi nyingine,
tukaliweka juu ya mizani yetu:
ishirini na robo.
Nikakohoa mimi.

Nilikuwa nimelala na uhakika, nakiri.
Njia nzima nilibeba jiwe hilo
kwenda kuwasahihisha majirani.

Tukafungua vifuniko. Kutu, manyoya ya kuku,
chemchemi iliyochoka kwetu, parafujo iliyolegea kwao.
Kazi ya nusu saa.
Nusu saa!
Na wakubwa walikwisha tia saini zamani,
wakapigwa picha, wakala wali.

Gunia la Namuyanja likapanda kwetu: tisini.
Likapanda kwao: tisini.
Kiberu akapiga makofi, vumbi likaruka.
Namuyanja hakupiga.
Alikuwa akihesabu kwa midomo:
tatu, mara mbili kwa wiki, mara miaka tisa.
"Magunia thelathini na moja," akasema,
"na kapu la juu.
Yako ghala la nani?"

Ishengoma akaitazama bisibisi yake.
Mimi nikafunga sanduku.

Saa kumi nililipitisha jiwe getini.
Walilipima. Ishirini.
Ndani ya ofisi mpya, chini ya paa moja la nchi mbili,
Namuyanja alikuwa dirishani.
Dirisha letu lilimwelekeza kwao.
Dirisha lao lilimrudisha kwetu.
Lakini sasa ni hatua tatu tu,
na wote wawili wanamsikia
akiuliza.