Beba Moja

Haikuwa chipu moja yenye akili zote.
Zilikuwa mbale nane, bega kwa bega kwenye bodi ya kijani,
kila ubale na biti zake mbili, basi:
sifuri hadi tatu, ndio mwisho wa elimu yake.
Ikija nne, haujui pa kuiweka.
Hugeukia jirani, ukasema: beba moja.

Fundi Khuzaima alinichorea juu ya karatasi ya bajia,
mafuta yakipenya penye sifuri.
"Mbeyu, darasa la pili mlifundishwaje? Saba na tano?"
Kumi na mbili. Andika mbili, beba moja.
"Na usipobeba?"
Nikacheka. Mwalimu wetu pale Kisauni
jibu la swali hilo alilitundika nyuma ya mlango.

Mizani yenyewe ilikuwa Kilindini, banda la kahawa,
chini ya mabati, Februari.
Gunia linapita, kilo sitini,
linajumlishwa na yaliyotangulia,
na jioni karani anasoma jumla.
Wiki ya tatu sasa, jumla ilikuwa pungufu.

Wakamshika Mwero Ndoro.
Kwa nini yeye? Kahawa ilipotea mchana tu,
na zamu ya mchana ni yake.
Walipekua chumba chake Magongo, hadi ndani ya godoro.
Hawakuona hata punje.
Wakasema: mjanja huyo.

Khuzaima aliomba daftari la karani.
Jumatatu, zimepungua kilo mia mbili hamsini na sita.
Jumatano, mia tano na kumi na mbili.
Ijumaa, mia mbili hamsini na sita, tena.
Akavua miwani.
"Gunia nne na kilo kumi na sita. Mwizi gani huyu,
kila akija afungue gunia la tano,
apime kumi na sita, alishone, aende zake?"

Kisha akaanza kukunja vidole:
mbili, nne, nane, kumi na sita,
kidole kimoja kwa kila maradufu,
hadi cha nane kikalala.
Biti nane. Mbale nne.
"Ubale wa nne," akasema, "hauupi wa tano."

Tulifungua kabati. Mwenye vidole vyembamba ni mimi.
Asubuhi zote nane zilipokezana sawasawa,
kama watu wanaopeana ndoo penye moto,
zikifuata maagizo aliyoyaandika mwenyewe kwa penseli
kabla ya kuyachoma ndani ya kumbukumbu,
maana mbale hizi hata kujumlisha hazijui mpaka ziambiwe.
Tukangoja. Tukala mihogo. Mabati yakaanza kulia.
Saa nane na dakika kumi, hatua kwa hatua,
sindano ya mita ikalala, haikuinuka.

Mguu mmoja wa chipu, umeliwa na chumvi ya hewa.
Joto likiutanua, unaachia.
Upenyo usiopitisha ukucha wa sisimizi:
humo ndimo kahawa yote ilimokuwa imefichwa.

Tone la lehemu, moshi kidogo, kwisha.

Walimrudisha Mwero baada ya siku kumi na tisa
kwa mshahara wa siku kumi na moja.
Hesabu hiyo haikufanywa na mashine.
Wa kumwomba radhi hakutokea.
Alikuja bandani nikiwa nafunga skrubu,
akauliza ni kipi hasa.
Nikamwonyesha: mdudu mweusi, miguu ishirini na minane.
Alikitazama kama mtu anayetazama picha ya shahidi
aliyesema uongo mahakamani.

"Kazi yake?"
Kubeba moja, nikasema. Kumpa mwenzake.
"Moja?"
Moja.

Akapapasa sugu iliyo nyuma ya shingo,
pale magunia yanapokaa.
"Mimi hubeba mia mbili kwa siku," akasema,
"na sijaangusha hata moja likamwangukia mtu."